Kikombe Kimekaaje?

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, awe mgeni au mtoto wa darasa la kwanza, hufundishwa mapema kuuliza: "Kikombe kiko wapi?" Hufundishwa pia kujibu: kipo mezani, kiko jikoni, kimo kabatini. Nimeyafundisha maswali hayo kwa miaka mingi, nimesahihisha *po*, *ko* na *mo* katika madaftari yasiyo na idadi, na nilistaafu nikiamini kwamba habari ya kikombe nimeimaliza. Sikujua kwamba lipo swali la pili ambalo sikuwahi kumfundisha mtu: "Kikombe kimekaaje?" Swali hilo nililetewa nyumbani na mjukuu wangu. Nawasimulia wapenzi wa lugha na ushairi kwa sababu limenifunza mambo mawili, moja juu ya maneno yetu na jingine juu ya jicho langu.

Mjukuu wangu huyu anasoma uhandisi chuo kikuu. Alikuja likizo, akaniamkia, "Shikamoo babu," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikwisha kuniwekea karatasi mezani. Alikuwa ameombwa aende kuwaeleza wanafunzi wa sekondari, kwa Kiswahili, kazi anayojifunza. Kazi yenyewe ni kuifunza kompyuta itazame picha ya kitu, kisha iseme kitu hicho kiko mahali gani mbele ya kamera na kimegeuka vipi, ili mkono wa roboti uweze kukifikia na kukishika. Juu ya karatasi alikuwa ameandika kichwa cha habari: "Kukadiria Pozi la Vitu."

Nilivua miwani. Kwa neno *kukadiria* sikuwa na ugomvi, tena nilimsifu. Lugha yetu inatenganisha vizuri hapa: anayebahatisha hana kipimo chochote, anayekisia ana kipimo cha macho tu, lakini anayekadiria ana hesabu mkononi na anajua kwamba hesabu yake yaweza kupungua au kuzidi kidogo. Mashine ile hukadiria. Ugomvi wangu ulikuwa na hilo *pozi*.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "pozi ni la kijana anayepigwa picha harusini. Kikombe hakiweki pozi."

"Basi nipe neno, babu. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nilimpa haraka, kwa kiburi cha mwalimu: "Mahali na mwelekeo." Nilidhani nimemaliza. Yeye akachukua kalamu iliyokuwa mezani, akaielekeza dirishani.

"Mwelekeo wake ni upi?"

"Dirishani."

Akaizungusha kalamu vidoleni, ncha ikiwa palepale dirishani. Kile kibanio cha kuning'inizia mfukoni, ambacho kilikuwa juu, sasa kikawa chini. "Na sasa?"

Mwelekeo ulikuwa uleule, lakini kalamu haikuwa imekaa kama mwanzo. Nilinyamaza. Katika miaka yangu yote ya kufundisha Jiografia sambamba na Kiswahili, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mwelekeo hukamilisha habari. Kwa msafiri juu ya ramani ni kweli. Kwa kitu kinachoweza kushikwa mkononi si kweli.

Akanieleza hesabu yake kwa utaratibu, nami nawapa kama nilivyoielewa. Ili kusema kitu kiko wapi, unahitaji tarakimu tatu: kiasi gani kulia au kushoto, kiasi gani juu au chini, na kiasi gani mbele, yaani umbali kutoka kwenye kamera. Ili kusema kimegeuka vipi, unahitaji tarakimu nyingine tatu. Mwelekeo wa ncha ya kalamu humaliza mbili kati ya hizo. Ya tatu ni ule mzunguko wa kalamu juu ya uti wake yenyewe. Jumla ni sita. Mashine ikikosea moja tu kati ya hizo sita, vidole vya roboti vitafunga hewa, au vitakisukuma kikombe kianguke.

Hapo nikaacha kiburi, nikaanza kutafuta neno kwa unyenyekevu. Nilikumbuka siku nilizofundisha karibu na bahari, na nikaona kwamba wavuvi wanazijua zile tarakimu tatu za pili bila kuziandika. Chombo kikipanda wimbi, omo huinuka na tezi hushuka, kisha huwa kinyume chake: huko ni kuinama na kuinuka. Chombo kikipigwa na wimbi la ubavuni hulala upande huu na upande huu. Na nahodha akisukuma usukani, omo hugeuka kutoka kaskazini kwenda mashariki, na chombo kimebaki wima vilevile. Kuinama, kulala ubavu, kugeuka: mizunguko mitatu imekwisha. Wahandisi wa ndege na wa roboti hutumia mizunguko hiyohiyo, na waliirithi kutoka kwa mabaharia.

Nilipofika hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona nikiwa darasani. Tazameni maneno tunayotumia mambo yanapoharibika. Tunasema mambo yamekwenda *mrama*; mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Tunasema yamekwenda *kombo*, au *upogo*, au *tenge*. Yote hayo ni maneno ya kitu kisichokaa sawasawa. Hatusemi "mambo yamekwenda mbali" kwa maana ya kuharibika. Umbali si kosa. Kosa ni kukaa vibaya ukiwa mahali pako. Hali kadhalika tunapozungumzia fikra za mtu tunataja *msimamo* wake, *mwelekeo* wake, *mtazamo* wake. Msimamo ulikuwa wa miguu kabla haujawa wa siasa. Lugha imekopa kutoka kwenye jinsi viwiliwili vinavyokaa, ikapata njia ya kusema jinsi roho zinavyokaa.

Kutokana na kitenzi *kaa* tumepata *makao*, mahali pa kuishi, na tumepata *mkao*, namna ya kukaa. Nilimwandikia mjukuu wangu: "Kukadiria mahali na mkao wa vitu." Akalisoma mara mbili. "Mpira hauna mkao," akasema, akilijaribu neno. Kweli: uzungushe mpira usio na alama utakavyo, hakuna atakayejua. "Chungu kina nusu ya mkao." Kweli tena: ukikiinamisha nitaona, lakini ukikizungusha palepale kilipokaa wima sitaona tofauti. "Na kikombe kina mkao kamili, kwa sababu kina mkono." Nikatikisa kichwa kukubali. Neno likisimama katika sentensi tatu bila kuyumba, huwa limefaa.

Jioni alinionyesha jambo jingine ambalo watunzi watalipenda. Chukueni kamusi, muilaze mezani jalada likiwa juu na mgongo wake ukiwa upande wenu wa kushoto. Kwanza izungusheni juu ya meza robo mzunguko kwa kufuata mwendo wa saa, kisha inueni ule ukingo wa mbali mpaka kitabu kisimame. Kitasimama mgongo ukiwa juu na jalada likiwatazama. Sasa rudieni mwanzo, lakini mbadilishe mpangilio: kwanza inueni ukingo wa mbali, kisha kizungusheni kitabu robo mzunguko vilevile. Safari hii kitasimama kama kisimamavyo rafuni, jalada likitazama kushoto na mgongo ukiwa umejificha upande wa mbali. Vitendo ni vilevile viwili, ila mkao ni mwingine kabisa. Kusogeza hakuna shida hiyo. Ukienda hatua mbili kulia na tatu mbele, utafika palepale hata ukianza na zile tatu. Kugeuza kuna utangulizi na ufuatizi wake. Ni kama viambishi vya vitenzi vyetu: *kupiganisha* si *kupigishana*, japokuwa mnyambuliko umetumia vipande vilevile.

Baada ya maneno tuliingia kwenye ugumu wenyewe. Picha ni bapa. Kamera inapopiga picha hubeba urefu na upana, lakini kina hukiacha nje. Nilicheka, nikamwambia kwamba kwetu sisi washairi utungo usio na kina huitwa guni. Neno *kina* la mshairi na *kina* cha mpiga mbizi ni mawili tofauti yaliyokutana katika sauti, lakini mzaha ulitusaidia: kila picha ni guni, na kazi ya mashine ni kukitafuta kina kilichopotea. Kikombe kidogo kilicho karibu na kikombe kikubwa kilicho mbali huacha picha moja. Atakayesema kipi ni kipi lazima awe na ujuzi fulani kutoka nje ya picha, kwa mfano ajue ukubwa halisi wa kikombe.

Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1832 Louis Albert Necker, mtaalamu wa Uswisi aliyekuwa akichunguza michoro ya fuwele, alieleza jinsi mchoro wa kitu chenye pande nyingi, uliochorwa kwa mistari mitupu, unavyojigeuza mbele ya macho: upande uliokuwa mbele ghafla huonekana uko nyuma. Mchoro haujabadilika hata chembe. Mikao ni miwili, mistari ni ileile, na jicho hurukaruka kati ya mmoja na mwingine. Mwaka 1841 Mjerumani Johann August Grunert akalitazama swali kwa hesabu: ukijua umbali uliopo kati ya alama tatu za kitu, na ukaziona alama hizo katika picha, waweza kujua ulisimama wapi? Jibu ni kwamba waweza, lakini majibu yanaweza kufika manne, yote yakiwa sahihi kwa hesabu. Alama ya nne ndiyo kwa kawaida huamua.

Katika mwaka 1963 Lawrence Roberts, katika tasnifu yake pale MIT nchini Marekani, aliifanya kompyuta itazame picha za maumbo yenye pande bapa na kutambua yalivyokaa katika nafasi. Mwaka 1981 Martin Fischler na Robert Bolles wakatoa njia ambayo ilinifurahisha kwa hekima yake. Alama zinazookotwa katika picha nyingine huwa za uongo: kivuli, mng'aro, kitu cha jirani. Wakasema: usizichanganye zote na kutafuta wastani, kwa maana waongo watawaharibia wakweli. Chagua chache kwa bahati nasibu, kisia mkao kutokana na hizo, kisha uziulize zilizobaki ni ngapi zinakubaliana nao. Rudia mara nyingi. Mkao unaoungwa mkono na wengi ndio unaochukuliwa, na wasiokubaliana huwekwa kando. Ni baraza la wazee, ila limo ndani ya mashine.

Siku hizi mashine hufunzwa kwa mifano mingi. Huonyeshwa picha za vitu ambavyo mkao wake unajulikana, ikikosea husahihishwa, mpaka ikazoea. Kazi moja maarufu, ya Yu Xiang na wenzake, iliyotoka mwaka 2018, ilitumia vitu 21 vya nyumbani, miongoni mwake bakuli, kikombe, mkasi na hata ndizi. Usahihishaji nao una kanuni yake. Mojawapo inayotumika sana ni hii: unachukua alama nyingi juu ya umbo la kitu, unapima kila moja imekosewa kwa umbali gani, unatafuta wastani, ukiwa chini ya asilimia 10 ya upana mkubwa kabisa wa kitu, jibu linapewa vema. Kwa vitu kama chungu, ambavyo huwezi kujua vimezungushwa kiasi gani, kanuni hulegezwa ili mashine isiadhibiwe kwa kutojua kisichojulikana. Nilipenda sana kanuni hiyo. Natamani ningalikuwa nayo nilipokuwa nikisahihisha mitihani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Wakati tukizungumza hayo nilimmiminia mjukuu wangu chai. Alikuwa akinitazama mikono. Nilipomaliza akauliza kwa sauti ya chini: "Babu, kwa nini unagusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla hujamimina?"

Sikumjibu mara moja. Jicho langu la kulia limepotea. Ni ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Haukuniuma hata siku moja, ulinila kidogokidogo kutoka pembeni, na nilipokwenda kupimwa nikaambiwa kwamba kilichopotea hakirudi, ila cha jicho la kushoto kinaweza kulindwa kwa dawa. Hilo lilitokea kabla ya yeye kuingia chuo kikuu. Sikumwambia mtu nyumbani zaidi ya mke wangu. Nilijifunza mwenyewe. Siku za mwanzo nilimimina chai juu ya kitambaa, nikasema mkono umetetemeka. Nilikosa ngazi ya mwisho, nikasema viatu. Ndipo nikazoea kugusisha birika, kutikisa kichwa kidogo upande huu na huu ili vitu vya karibu vijitenge na vya mbali, kusoma vivuli mezani, kukumbuka ukubwa wa kila chombo cha nyumba yangu. Watu walidhani nimekuwa mzee wa kutafakari.

Macho mawili yametengana sentimita sita hivi, na kila moja huiona dunia kutoka mahali pake. Ubongo huzilinganisha picha hizo mbili na kupata kina. Mwenye jicho moja anaishi katika picha, na kina anakikadiria. Nilikuwa nikifanya kila siku, mezani pangu, kazi ambayo mjukuu wangu aliivukia mikoa kwenda kuisomea, na yeye aliyejifunza jinsi mashine ya lenzi moja inavyohangaika ndiye aliyeyatambua mahangaiko yangu. Watoto wangu wamekunywa chai ile miaka yote hiyo bila kuona.

Nikamwambia ukweli. Alilia kidogo, kisha akauliza maswali ya kimhandisi, jambo lililonipa nafuu kuliko pole. Je, nachanganya umbali au mkao? Nikafikiri. Umbali hunisumbua zaidi, nikasema, lakini mkao hunitisha zaidi. Kikombe ambacho mkono wake umegeukia ng'ambo sikijui: huenda umeelekea kulia kidogo, huenda kushoto kidogo, mwili wa kikombe umeuficha. Akaniambia kwamba mashine nzuri, ikikutana na kikombe kama hicho, haipaswi kutoa jibu moja kwa ujasiri. Inapaswa kusema: mikao inayowezekana ni hii na hii, nisogezeeni kamera au nipeni ruhusa niguse.

"Wewe, babu," akasema, "ulitoa jibu moja kwa ujasiri miaka yote hii."

Nimekosolewa na wakaguzi wengi katika maisha yangu ya ualimu, lakini hakuna aliyenifikia kama huyo. Mahali pangu kila mtu nyumbani alipajua: babu yuko barazani, babu yupo mezani, babu yumo chumbani. Jinsi nilivyokaa hawakujua, kwa sababu niliugeuza upande wenye kasoro usionekane. Usiku ule niliwapigia simu watoto wangu wote watatu. Kesho yake mke wangu aliupaka ukingo wa ngazi ya mwisho rangi nyeupe, kazi aliyotaka kuifanya siku nyingi nami nikimkataza. Ninyi nanyi, hasa mliovuka miaka arobaini, nendeni mkapimwe macho hata kama hayaumi.

Mjukuu wangu alikwenda kuzungumza na wanafunzi wale. Aliniambia neno *mkao* walilipokea bila kuuliza maana yake, na mmoja akauliza kama kivuli nacho kina mkao. Ni swali zuri, nawaachia mlijadili. Nami, kama ilivyo desturi yetu hapa, nafunga kwa ubeti mmoja, mkiona kasoro mnisahihishe:

Kikombe nakitazama, kwa jicho lililobaki,
Sioni kilipokoma, umbali haupimiki,
Wima ama chainama, jibu halithibitiki,
Mkono ukikipima, mkao haufichiki.